Palantir: mapato yamepanda asilimia 162, wafanyakazi asilimia 61 tu. Ajira za programu za jeshi zinakwenda wapi?

#1 MsomaHesabu

Wakuu, salaam.

Kila Pentagon (wizara ya ulinzi ya Marekani) ikitangaza mkataba na Palantir, kampuni ya Marekani inayouza programu za kuchambua data kwa serikali na kampuni binafsi, humu jukwaani vijana wanashangilia kwamba ajira zimefunguka. Nimepitia ripoti zao za mwaka. Hii ni idadi ya wafanyakazi kila mwisho wa Desemba, na mapato ya mwaka huohuo kwa dola:

2020: watu 2,439, bilioni 1.09
2021: watu 2,920, bilioni 1.54
2022: watu 3,838, bilioni 1.91
2023: watu 3,735, bilioni 2.23
2024: watu 3,936, bilioni 2.87

Mwaka 2020 kila mfanyakazi aliingiza kama dola 448,000. Mwaka 2024 ni 728,000. Mwaka 2023 ndio unaonisumbua zaidi: mapato yalipanda kama asilimia 17, watu wakapungua 103. Halafu Agosti 2025 bosi wao Alex Karp akasema waziwazi kwenye runinga ya CNBC kwamba lengo ni mapato mara kumi na watu 3,600, wakati siku hiyo walikuwa 4,100.

Kwa hiyo swali langu ni moja. Kwa nini kampuni inayouzia jeshi programu haiajiri kwa kasi ya mikataba yake? Mwenye majibu ya kitaalamu atiririke. "Akili mnemba imechukua kazi" sitaki kuisikia bila maelezo.

#2 Kijogoo_Mapema

Siti ya mbele kabisa. Karanga ninazo.

#3 FundiSeva

Mkuu MsomaHesabu, jibu liko kwenye namna programu yao inavyofika kwa mteja.

Zamani kila mteja alikuwa na usakinishaji wake. Injinia anahamia kambini, anaunganisha vyanzo vya data kimoja kimoja, anaandika msimbo wa mteja huyo peke yake. Toleo jipya likitoka, anaanza kuhangaika upya. Wateja kumi, timu kumi.

Walichofanya ni kujenga Apollo, mfumo unaosambaza masasisho kwenye mazingira yote kwa wakati mmoja: wingu la kawaida, wingu la siri, seva iliyo ndani ya gari la jeshi. Kila mazingira yanaeleza masharti yake (toleo gani yanakubali, saa ngapi yanaruhusu kuguswa, nini kisivunjike) na Apollo inapanga yenyewe nani apate nini na lini. Kwenye nyaraka za kuingia soko la hisa mwaka 2020 walisema muda wa kusakinisha ulishuka zaidi ya mara tano ndani ya mwaka mmoja, hadi wastani wa siku 14.

Ukishafika hapo, mteja wa 200 haongezi watu kama alivyoongeza mteja wa 20. Ndiyo biashara ya programu ilivyo. Ajabu ingekuwa kinyume chake.

#4 BwanaLeja

FundiSeva umeeleza vizuri, ila umeanzia katikati. Chanzo ni jinsi mkataba unavyolipwa.

Mkandarasi wa kawaida wa Pentagon hulipwa kwa njia mbili kubwa: malipo kwa saa, au kurudishiwa gharama pamoja na ada ya faida iliyokubaliwa. Kwenye malipo kwa saa mkataba unaorodhesha madaraja ya kazi, kwa mfano injinia daraja la tatu, saa kadhaa, bei kadhaa kwa saa. Ukitaka mapato yaongezeke lazima uongeze watu, kwa sababu watu ndio bidhaa. Kampuni hizo ajira zao hupanda sambamba na mikataba, na mkataba ukiisha ajira zinaporomoka vilevile.

Palantir anauza leseni kwa bei iliyofungwa. Serikali hainunui saa zake. Akitumia watu 5 au 50, hundi ni ileile, na kila mtu wa ziada anakatwa kwenye faida yake mwenyewe. Unategemea aajiri kwa furaha gani?

Hili walilipigania mpaka mahakamani. Mwaka 2016 waliishtaki Army (jeshi la nchi kavu la Marekani) juu ya mfumo wa kijasusi wa DCGS-A. Hoja yao: sheria ya manunuzi ya 1994 inaitaka serikali iangalie kwanza kama bidhaa iliyo tayari sokoni inakidhi haja, kabla ya kumlipa mtu aitengeneze upya. Jaji akawapa ushindi Oktoba 2016, rufaa ikathibitisha 2018, na Machi 2019 wakashinda zabuni yenyewe. Ile kesi ilikuwa ya kuamua serikali inunue bidhaa au inunue vibarua.

#5 Kijogoo_Mapema

"Vibarua" wenye shahada mbili na mshahara wa dola 150,000. Naomba ukibarua huo.

#6 SautiYaKisauni

Habari zenu. Kutoka Mombasa hapa naona nyote wawili mmeruka jambo moja: si mapato yote yale ni ya jeshi.

Mwaka 2024 serikali zilichangia bilioni 1.57 hivi, sawa na asilimia 55. Zilizobaki ni kampuni binafsi: hospitali, viwanda, benki. Na ndani ya Marekani upande wa biashara ulikua asilimia 54, upande wa serikali asilimia 30. "Serikali" nayo si jeshi peke yake. Uingereza kuna mkataba wa jukwaa la data la NHS, huduma ya afya ya umma, wa Novemba 2023, pauni milioni 330 kwa miaka saba. Hiyo ni hospitali, haina bunduki hata moja.

Kwa hiyo MsomaHesabu, ukigawa mapato yote kwa watu wote unachanganya nazi na embe. Huenda upande wa jeshi watu wanaongezeka na upande wa pili wanapungua. Ripoti ya mwaka haikuonyeshi hilo.

#7 MsomaHesabu

SautiYaKisauni, nakubali kuhusu mgawanyo. Ila unanisaidia na kuniumiza: kama upande wa biashara ndio unaokua haraka zaidi, na huko hakuna vibali vya usalama wala urasimu wa Pentagon, mbona huko nako hawakuajiri kwa wingi?

#8 Mpekuzi_Mstaafu

Naona mnajadili pesa tu. Hebu tuongelee upekuzi wa usalama, yaani kuchunguza mtu kabla hajapewa kibali cha kugusa siri, maana hapo ndipo ajira za sekta hii zinapokwama.

Huwezi kumwajiri mtu Jumatatu akaanza kazi ya siri Jumanne. Mlolongo uko hivi:

Kwanza kampuni yenyewe lazima iwe na kibali cha kituo, na iwe na afisa usalama wake. Kibali hicho hakipatikani bila mkataba unaokihitaji, au mkandarasi mwingine mwenye kibali akudhamini. Masharti ya usiri ya mkataba husika yanaandikwa kwenye fomu DD 254.

Pili, mtu haombi kibali mwenyewe. Lazima mwajiri amdhamini. Anajaza fomu ya upekuzi ya SF-86: makazi na kazi za miaka 10 bila pengo, ndugu wa karibu wote, marafiki wa kigeni wa karibu kwa miaka 7, safari za nje, madeni, kodi, dawa za kulevya.

Tatu, DCSA, shirika la serikali linalofanya upekuzi, inachunguza, halafu maamuzi yanapimwa kwa vigezo 13. Ngazi ya Siri hutangulia, Siri Kuu hukawia zaidi, na ukiongeza taarifa za kijasusi zenye vyumba maalumu, pengine na kipimo cha uongo, unaweza kungoja miezi mingi.

Wakati wote huo mtu huyo yuko kwenye orodha ya mishahara na hawezi kugusa kazi aliyoajiriwa nayo. Kwa mkandarasi wa saa ni maumivu, kwa sababu saa hizo haziingii kwenye ankara. Ndiyo maana matangazo mengi yanadai mwenye kibali hai, na kampuni zinaibiana watu walewale. Ajira "mpya" unayoiona huku, mara nyingi ni kiti kilichoachwa wazi kule.

#9 BwanaLeja

Mpekuzi, naheshimu, ila hoja yako inaeleza kwa nini sekta nzima inakwama. Haielezi tofauti. Wakandarasi wa saa wanakabili upekuzi uleule na bado wana makumi ya maelfu ya watu. Booz Allen, mkandarasi mkubwa wa huduma, ana zaidi ya watu elfu 30. Kama tatizo ni upekuzi, mbona yeye hakukwama?

#10 Mpekuzi_Mstaafu

Kwa sababu yeye ameanza kukusanya watu wenye vibali tangu enzi za babu yako, Leja. Akiba ya watu ni tofauti na kasi ya kuongeza watu.

#11 Kijogoo_Mapema

Karanga zinaisha, naongeza.

#12 DadaMizani

Asanteni kwa uzi. Naongeza jambo ambalo waandishi wa habari hukosea kila mara: tofauti ya kikomo cha mkataba na pesa yenyewe.

Mwisho wa Julai 2025 Army ilitangaza makubaliano na Palantir ya "hadi dola bilioni 10" kwa miaka 10. Vichwa vya habari vikasema Palantir kapewa bilioni 10. Hakupewa. Kile ni kikomo cha juu. Jeshi linaweza kununua mpaka hapo kwa masharti yaliyokwisha kukubaliwa, na linaweza pia kununua sehemu ndogo tu. Pesa inakuwa pesa pale agizo moja moja linapotolewa na fedha ya bajeti kufungwa kwenye agizo hilo.

La pili: makubaliano yale yaliunganisha mikataba 75 iliyokuwepo, 15 ya moja kwa moja na 60 inayohusiana. Sehemu kubwa ilikuwa kazi ya zamani ikiwekwa kwenye bahasha moja, kwa punguzo la bei kadri unavyonunua zaidi. Kuunganisha mikataba hupunguza watu: maafisa mikataba, waandishi wa zabuni, wasimamizi wa leseni, pande zote mbili.

Maven, mfumo wa akili mnemba wa Palantir kwa jeshi, nayo hivyo hivyo. Mei 2024 mkataba wa milioni 480, Mei 2025 kikomo kikaongezwa milioni 795, jumla karibu bilioni 1.3. Kilichopanda ni dari la nyumba. Idadi ya wapangaji ni habari nyingine.

Mkurugenzi wa fedha mwenye akili anaajiri kwa kufuata fedha iliyofungwa. Mwaka wa bajeti wa Marekani unaanza Oktoba 1, na Congress isipopitisha bajeti kwa wakati wanaishi kwa bajeti ya muda, ambayo kwa kawaida hairuhusu kuanzisha mradi mpya. Mwaka 2025 serikali ilifungwa siku 43, Oktoba 1 hadi Novemba 12. Kampuni kubwa ilivumilia. Ile ndogo ya watu 30 inayotegemea agizo moja ilianza kurudisha kompyuta dukani.

#13 MtotoWaIlala

DadaMizani umeua. Kumbe ile bilioni 10 ni kama kadi ya mwaliko, pilau bado haijapikwa.

Lakini wakuu, mnatupeleka mbali. Anduril, kampuni inayotengeneza droni na silaha, je? Ohio wametangaza kiwanda cha Arsenal-1 chenye ajira 4,000. Mbona huko ajira zipo?

#14 FundiSeva

MtotoWaIlala, Anduril ana programu, inaitwa Lattice, lakini zile ajira zaidi ya 4,000 zilizotangazwa Januari 2025 karibu na uwanja wa ndege wa Rickenbacker ni za kiwanda: kuunganisha droni, umeme, ukaguzi wa ubora, ghala. Tena zimepangwa kuja kwa miaka. Haziji msimu mmoja. Chuma kinahitaji mikono. Ndiyo maana gavana hupenda kupiga picha kiwandani. Kampuni ya programu tupu haimpi gavana picha.

Ulaya ni hivyo hivyo. Helsing ya Munich ilianza 2021 kama kampuni ya programu. Leo inatengeneza droni ya HX-2. Ukitaka kuona lini ajira zinaruka kwenye kampuni hizi, angalia lini walianza kushika bisibisi.

#15 SautiYaKisauni

Naam, na Uingereza Septemba 2025 Palantir aliahidi kuwekeza hadi pauni bilioni 1.5 na kuongeza ajira hadi 350. Pigeni hesabu ya pauni kwa ajira moja. Ni zaidi ya milioni 4.

#16 MamaKanuni

Hodi humu. Naona hakuna aliyetaja kazi zisizo za kuandika msimbo, na hizo ndizo zinazoongezeka kweli kwenye kampuni za programu za ulinzi. Hasa kampuni ndogo.

Programu haiwekwi kwenye mtandao wa jeshi kwa kuwa ni nzuri. Inahitaji ruhusa ya kuendesha mfumo, ATO. Hatua zake ni saba: maandalizi, kuainisha mfumo, kuchagua vidhibiti (hatua za usalama) kutoka orodha ya serikali ya NIST 800-53, kuvitekeleza, kuvipima, afisa mwenye mamlaka kukubali hatari iliyobaki, na kufuatilia daima. Kwenye wingu kuna ngazi: IL4 na IL5 kwa taarifa nyeti zisizo za siri, IL6 kwa za siri. Ukipanda ngazi moja unaongeza nyaraka, unaongeza watu, na watu hao lazima wawe na sifa zaidi.

Kila mfumo unataka afisa usalama wa mfumo, mtu wa kuendesha ukaguzi wa udhaifu, mtu wa kuandika mpango wa kurekebisha kila dosari na tarehe yake. Msimamizi wa seva anatakiwa awe na cheti kinachotambuliwa chini ya DoD 8140, kanuni ya Pentagon ya sifa za watu wa usalama wa mtandao. Security+ ndiyo mlango wa kawaida.

Juu ya hapo kuna CMMC, ukaguzi wa usalama wa mtandao kwa kampuni zinazouzia Pentagon. Kuanzia Novemba 10, 2025 imeanza kuingizwa kwenye mikataba mipya kwa awamu. Ngazi ya pili ina vidhibiti 110 vya NIST 800-171. Kampuni ya watu 25 italazimika kumtoa mtu mmoja mzima, au kukodi. Kinachowaangusha mara nyingi ni mipaka. Wameshindwa kueleza taarifa nyeti zinapita kwenye mashine zipi, kwa hiyo mkaguzi anahesabu ofisi nzima, mpaka kompyuta ya mapokezi.

Kwa hiyo FundiSeva, Apollo inaweza kusambaza masasisho, lakini haisaini barua ya ATO.

#17 FundiSeva

MamaKanuni shikamoo. Uko sawa, ila hata hapo wamepata njia ya kupunguza watu. Wana huduma inaitwa FedStart. Kampuni ndogo inapachika programu yake ndani ya mazingira ya Palantir ambayo tayari yameidhinishwa, na inarithi sehemu kubwa ya vidhibiti. Ule mzigo ulioutaja wa watu watatu au wanne unabaki wa mmoja.

#18 MamaKanuni

Marahaba. Inarithi vile vya chini: jengo, seva, mtandao, kumbukumbu za matukio. Vya juu hairithi. Nani ana haki ya kuingia, data ya mteja inatunzwaje, msimbo wako unakaguliwaje, mfanyakazi aliyeacha kazi anafungiwa ndani ya muda gani: hivyo ni vyako. Kampuni zinazodhani zimerithi kila kitu ndizo zinazorudishwa kwenye upimaji.

#19 TunduLaData

Wakuu, huko kwenye mitandao iliyotengwa na intaneti ndiko Apollo inapokutana na ukuta. Wacha nieleze sasisho moja linavyoingia, mtaelewa kwa nini bado kuna ajira za watu wa kukaa kambini.

Unafunga toleo zima kwenye kifurushi: taswira za kontena, maktaba zote linazotegemea, chati za usanidi, saini ya kidijiti, orodha ya alama za uhakiki. Kifurushi kinachanganuliwa upande wa chini (mtandao usio wa siri). Halafu kinavuka, ama kwa kifaa cha kuvusha data kati ya mitandao ya ngazi tofauti, ama kwa diski inayobebwa na mtu aliyeteuliwa kwa barua kuhamisha data. Upande wa juu (mtandao wa siri) kinachanganuliwa tena, alama zinalinganishwa, kinaingizwa kwenye hifadhi ya ndani, ndipo kinasakinishwa.

Vinavyoharibika ni vilevile kila mara. Maktaba moja haikufungwa kwa sababu kule nje mfumo huwa unaivuta intaneti bila mtu kujua. Cheti cha kidijiti cha ndani kimeisha muda. Saa za seva zimepishana, tokeni za kuingia zinakataliwa. Taswira ni ya kichakataji cha aina nyingine. Kumbukumbu za hitilafu huwezi kumtumia aliyeandika msimbo, kwa sababu ziko upande wa siri na yeye hana kibali. Anayezisoma ni mtu wa kambini, anaandika maelezo yasiyo na siri, yanapitiwa, ndipo yanashuka.

Mtu huyo hana mbadala. Lazima awe na kibali, aruhusiwe kuingia kwenye chumba cha siri, ajue Linux na Kubernetes, na awe tayari kuacha simu mlangoni. Kwa kambi yenye kazi mfululizo huwezi kuwa na mmoja, maana ataugua au atakwenda likizo.

#20 BwanaLeja

TunduLaData, hapo ndipo pazuri. Mtu huyo ameajiriwa na nani? Mara nyingi si Palantir. Ni mkandarasi wa huduma. Desemba 2024 Palantir alitangaza ushirikiano na Booz Allen. Juni 2025 akaitaja Accenture Federal Services mshirika wa utekelezaji kwa wateja wa serikali, na Accenture wakasema watawafundisha watu wao 1,000 mifumo ya Palantir. Watu elfu moja! Ni robo ya wafanyakazi wote wa Palantir, na hawamo kwenye ripoti ya MsomaHesabu.

Ajira zipo. Zimeandikwa kwenye daftari la jirani.

#21 MsomaHesabu

Hii ya #20 imenigusa kuliko zote mpaka sasa. Ila tuwe waangalifu: kuwafundisha watu 1,000 waliopo si kuajiri 1,000 wapya.

Na naongeza ya kwangu. Palantir hulipa watu kwa hisa sana. Gharama ya malipo ya hisa ilikuwa dola bilioni 1.27 mwaka 2020, mwaka walioingia sokoni. 2024 ilikuwa milioni 692. Wawekezaji walikuwa wanalalamika kwamba hisa zao zinapunguzwa thamani. Njia rahisi ya kuwanyamazisha ni kutoajiri. Februari 2023 walipunguza karibu asilimia 2 ya watu, na mwaka huohuo wakaanza kutoa faida. Sidhani ni bahati mbaya.

#22 DadaMizani

MsomaHesabu, 2020 usiitumie kama msingi. Kuingia kwao sokoni moja kwa moja Septemba 30, 2020 ilisababisha hisa nyingi zilizolimbikizwa kuhesabiwa kama gharama kwa mpigo. Mwaka ule haufanani na mwingine. Linganisha 2021 na kuendelea: gharama hiyo ilishuka hadi 2023, lakini si kwa mteremko huo, na 2024 ikapanda tena.

#23 Kijogoo_Mapema

Wataalamu, mmetisha. Sasa mtuambie sisi wa hali ya chini: CV inatumwa wapi? Niko Dar.

#24 Mpekuzi_Mstaafu

Kijogoo, ukiwa Dar na pasi ya Tanzania, kazi yenye kibali cha Marekani haiko mezani. Kibali kinataka uraia wa Marekani. Usimlipe mtu anayekuambia ana njia.

Ila walio Marekani wasome hapa, maana wengi wanachanganya vitu viwili. Tangazo likisema lazima uwe "mtu wa Marekani" kwa ITAR, kanuni za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa silaha, hiyo inajumuisha raia, mwenye grini kadi, mkimbizi na aliyepewa hifadhi. Tangazo likisema kibali cha usalama, hapo ni raia tu. Mwenye grini kadi anaweza kuandika msimbo unaodhibitiwa na ITAR bila kugusa siri. Mwenye viza ya kazi ya H-1B hawezi bila leseni ya usafirishaji, kwa sababu kumwonyesha mgeni taarifa za kiufundi za silaha kunahesabiwa kama kuzisafirisha kwenda nchi yake, hata mkiwa chumba kimoja Virginia.

Soma pia maneno ya tangazo. "Awe na kibali hai" ina maana hawatakusubiri. "Aweze kupata kibali" ina maana watakudhamini. Tafuta ya pili.

#25 JaluoWaDenver

Niongezee kuhusu SF-86 kwa sisi wa Afrika Mashariki, maana kuna sehemu zinazowaponza watu wasio na kosa lolote.

Kuna swali kama umewahi kumsaidia kifedha raia wa kigeni. Si miaka saba, ni kuwahi. Kila anayemtumia mama yake hela kila mwezi jibu lake ni ndiyo. Watu wanaandika hapana wakidhani ni mambo ya biashara. Baadaye benki inaonyesha miamala, na kosa linageuka kuwa la kuficha. Kutuma hela hakujamwangusha mtu kirahisi. Kusema uongo kunaangusha. Toa taarifa za WorldRemit, Wise au benki, jumlisha kwa mwaka kwa kila ndugu, andika.

Kiwanja cha nyumbani kiandike, hata kama kiko kwa jina lako na kaka yako. Chama cha kuweka na kukopa pia.

Uraia: Mkenya anaweza kubaki na uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Vigezo vya sasa vya tangu 2017 havikukatai kwa uraia pacha peke yake, lakini kuingia au kutoka Marekani kwa pasi ya Kenya kunaleta maswali. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa Marekani anapoteza wa Tanzania, kwa hiyo kwake swali hilo fupi.

Bangi: hata kama Colorado ni halali, kwa serikali kuu si halali. Acha kabla hujajaza.

#26 MtotoWaIlala

Nakazia hapo kwenye kiwanja. Ndugu zetu viwanja vitatu Kigamboni wamevificha hata kwa wake zao, ije kuwa DCSA.

#27 SautiYaKisauni

Kwa walio Uingereza, mambo ni tofauti kidogo. Ngazi za upekuzi, kutoka chini kwenda juu, ni BPSS, CTC, SC, DV. Kwa SC kwa kawaida wanaangalia miaka 5 ya kuishi Uingereza, kwa DV miaka 10. SC yenyewe haidai uraia wa Uingereza kwa kila nafasi, lakini mradi wa wizara ya ulinzi unaweza kuweka sharti lake la uraia. Uliza kabla ya usaili wa tatu. Usingoje wa mwisho.

#28 KizaKinene

Nimesoma uzi wote, asanteni. Mimi nadhani mnazunguka. Karp amesema mwenyewe hataki watu wengi. Mwaka 2025 wameanzisha mpango wa kuchukua wahitimu wa sekondari moja kwa moja bila chuo, miezi minne, dola 5,400 kwa mwezi. Waliomba zaidi ya 500, wakachukua 22. Ishirini na mbili! Huo ni uchaguzi wa kampuni. Leseni, upekuzi, bajeti, vyote ni visingizio vya uchaguzi huo.

#29 BwanaLeja

KizaKinene, uchaguzi huo unawezekana kwa sababu ya leseni ya bei iliyofungwa. Mkandarasi wa saa akiamua kuwa mdogo, mapato yake yanakuwa madogo siku hiyohiyo. Turudi #4.

#30 FundiSeva

Turudi #3, Leja. Leseni ya bei iliyofungwa bila Apollo ni kufilisika. Hao walikuwa wanauza leseni tangu mwanzo na walikuwa wanapata hasara kila mwaka mpaka 2022.

#31 TunduLaData

Mnaogombana, kuna kipimo kimoja cha kuangalia kwenye matangazo yao ya kazi. Hesabuni nafasi zinazotaja Siri Kuu na kituo maalumu, dhidi ya nafasi za ofisini zisizo na kibali. Fanyeni kila robo mwaka. Nafasi za vituo zikipanda huku za ofisini zimesimama, FundiSeva ana haki nusu na mimi nusu. Zote zikisimama huku Accenture na Booz Allen wakitangaza kazi zenye maneno Foundry (jukwaa la data la Palantir) au Maven, Leja ameshinda.

#32 MsomaHesabu

TunduLaData, tatizo la matangazo ni kwamba moja linaweza kubeba nafasi kumi, na jingine limeachwa wazi kukusanya CV tu wakati wakisubiri zabuni. Wakandarasi wa saa hufanya hivyo sana: wanatangaza kazi ya mkataba ambao hawajaushinda.

#33 DadaMizani

Maneno ya kuyatambua ni "kutegemea kushinda mkataba", kwa kawaida yapo chini kabisa ya tangazo. Hayo yaondoe kabla ya kuhesabu. Na tangazo lilelile likionekana kwa kampuni tatu tofauti, kambi moja, madaraja yaleyale, hiyo ni nafasi moja inayogombewa na wazabuni watatu.

#34 Kijogoo_Mapema

Kwa hiyo hata tangazo lenyewe halina kazi ndani. Sawa. MamaKanuni, ile Security+ inafanyiwa mtihani Dar?

#35 MamaKanuni

Ndiyo, kwenye vituo vya Pearson VUE, au mtandaoni ukiwa nyumbani kama intaneti yako haikatiki na chumba hakina mtu mwingine. Maswali hayazidi 90, dakika 90, alama ya kufaulu 750 kati ya 900. Yale ya vitendo huja mwanzoni na hula muda. Yaruke, umalize ya kuchagua, halafu urudi. Haitakupa kibali cha Marekani, ila benki na kampuni za simu hapo Dar zinaitambua.

#36 KizaKinene

Leja na Fundi bado hamjajibu #28.

#37 BwanaLeja

Nimejibu #29. Ongeza mwanga, Kiza.